Mwali, kisiwa kinachoutazama mlima wa jirani

Sisi wa Kibaha na Kisarawe tumezoea vilima. Milima ya Pugu, ingawa tunaiita milima, hukomea kwenye mita 300 hivi, na Mafia, kisiwa kikubwa cha Mkoa wetu wa Pwani, ni tambarare ya minazi. Mtu wa kwetu akiambiwa kuna kisiwa kidogo kuliko Mafia ambako unafungua mlango alfajiri ukaona, ng'ambo ya bahari, mlima wa volkano wa mita 2,361, huenda asisadiki. Kisiwa hicho ni Mwali, ambacho Wafaransa hukiita Mohéli. Ni kimoja kati ya visiwa vinne vya Komoro, baina ya Msumbiji na Madagaska. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 300, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu huko watu 51,000 na ushei.

Mlima wenyewe ni Karthala, nao uko Ngazija, kisiwa kikubwa. Kutoka Fomboni, mji mkuu wa Mwali, au kutoka kijiji cha Hoani, macho yanavuka zaidi ya kilomita 60 kuufikia. Wakati wake ni asubuhi, kabla mawingu hayajaukalia. Jua likipanda, kilele hupotea hata siku ambayo bahari iko shwari. Ukienda ncha ya mashariki, Itsamia, unaelekeana na kisiwa cha Nzwani, ambako mlima Ntingui umefika karibu mita 1,600. Watu wa Niumashua, upande wa kusini, hawana bahati hiyo, kwa sababu mgongo wa Mwali wenyewe, wenye mita 790, umewakinga. Wao wamepewa visiwa vidogo vya mawe na misitu vilivyojipanga mbele ya ufukwe wao, na kwa uzuri sioni kama wamepunjika.

Jambo linalostahili kujulikana zaidi ni la maji. Mgeni akiutazama Karthala kwa mbali hudhani walio chini yake wameneemeka. Mvua huko ni nyingi kweli, lakini miamba ya Ngazija bado ni michanga na ina matundu. Maji yakidondoka yanazama moja kwa moja. Kisiwa kile kikubwa hakina mto wa kudumu hata mmoja, na vijiji vingi hutegemea mabirika ya kukingia maji ya mvua. Mwaka 2005 Karthala ulipolipuka, majivu yaliangukia mabirika hayo na maelfu ya watu wakakosa maji safi ya kunywa. Mwali ni kisiwa cha zamani zaidi. Miamba yake imeoza ikawa udongo unaoshika maji, na vijito vinateremka kutoka msituni hadi baharini. Watu wa Kisarawe, mliosubiri miaka na miaka mpaka maji ya Ruvu Juu yakawafikia mwaka 2020 kupitia Kibamba, mtaelewa haraka kwa nini naiona Mwali kuwa tajiri.

Vijito hivyo vinalindwa na msitu wa mgongoni, na msitu unakatwa kwa ajili ya mashamba na kuni. Huko juu hulala popo wa Livingstone, mwenye mabawa yanayokaribia mita moja na nusu yakinyooshwa, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Mwali na Nzwani. Anayejua jinsi mkaa ulivyoula msitu wetu wa Kazimzumbwi hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba sisi msitu ukiisha tuna bomba la Ruvu. Wao hawana Ruvu.

Baharini wamefanya vizuri zaidi. Itsamia ni miongoni mwa fukwe kubwa za kasa katika Bahari ya Hindi, na wanakijiji wenyewe ndio walioanzisha ulinzi wa mayai. Hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 2001, ya kwanza katika nchi ile, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kuwa hifadhi ya bayosfia.

Maisha ya kila siku yangekuwa mepesi kwa mtu wa Pwani. Watu ni Waislamu, lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na mataba yao ni kisamvu chetu cha nazi. Mashambani kuna karafuu, vanila na milangilangi ya kukamulia mafuta ya manukato. Hata historia inagusana na yetu: Malkia wa Mwali, Jumbe Fatima, aliyerithi kiti akiwa mtoto mwaka 1842, aliolewa na jamaa wa Sultani wa Zanzibar. Alifariki mwaka 1878, na kaburi lake liko Fomboni.

Uzito uko kwenye safari. Mgonjwa mahututi, mwanafunzi, mfanyabiashara, wote hulazimika kuvuka. Boti za faiba huenda kati ya Hoani na Chindini, kusini mwa Ngazija, na mkondo wa katikati hauna huruma kusi ikivuma. Ndege ni ndogo na chache. Tarehe 26 Februari 2022 moja ilianguka baharini ikikaribia Mwali. Iliondoka na abiria 12 na marubani wawili, na marubani hao walikuwa Watanzania wenzetu. Msiba ule ulikuwa wetu pia, na nasikitika kwamba huku ulizungumzwa kidogo.

Kusahauliwa na serikali iliyoko Ngazija ndiko kulikowasukuma Wamwali kutangaza kujitenga na Komoro mwezi Agosti 1997, siku chache baada ya Nzwani. Makubaliano ya kuunganisha nchi upya yalitiwa saini Fomboni mwaka 2001. Urais ukawa wa zamu, na mwaka 2011 Ikililou Dhoinine akawa rais wa kwanza kutoka Mwali, mpaka 2016.

Akiniuliza mtu wa Kibaha au Kisarawe akaishi kisiwa gani cha Komoro, nitamwambia Mwali bila kusita. Asisahau tu kuweka kando nauli ya kuvukia Ngazija siku atakayohitaji daktari bingwa.