Je, Wajua? Nchi Iliyonenepa kwa Kalamu

Aprili 2014, Nigeria ilitangaza kuwa uchumi wake ni mkubwa kwa asilimia 89 kuliko ilivyodhaniwa. Ikaipita Afrika Kusini papo hapo. Sokoni Lagos, bei ya mihogo haikushtuka.

Siri ilikuwa kwenye mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na uzito wa kila sekta hutumika kupimia pato la taifa. Nigeria ilikuwa bado inapimia kwa mwaka 1990. Fikiria 1990: muuza vocha za simu hayupo, na filamu za Nollywood hazijaanza kujaza vibanda vya kanda. Vijana walioingia kazi hizo baadaye walihangaika miaka nenda rudi, lakini kwenye hesabu walionekana kama vumbi tu. Kizio kilipohamishiwa 2010, wakaonekana.

Septemba mwaka huohuo Kenya nayo ilihamisha kizio chake kutoka 2001 hadi 2009. Pato likapanda kwa asilimia 25 hivi, nchi ikaingia kundi la kipato cha kati, ngazi ya chini.

Kazi yako ya kupika ugali nyumbani, hata hivyo, bado haihesabiwi kwenye pato la taifa. Ile ya mama lishe inahesabiwa, angalau kwa makadirio.