Kiwango cha Sauti kwa Gitaa Lisilo na Kabati

Kabati la spika la gitaa, yaani sanduku la mbao lenye spika moja au zaidi, ni sehemu ya ala yenyewe, kwa kuwa spika yake ya inchi 12 hupunguza sana mawimbi yanayozidi takribani hezi 5,000 na kuiondolea sauti ukali unaokwaruza masikio. Kiigizo cha kabati ni programu au kifaa kinachofanya kazi hiyo bila ya sanduku, kwa kutumia faili fupi iliyohifadhi namna kabati fulani, likiwa mbele ya kipaza sauti fulani, lilivyoitikia mlio wa majaribio.

Katika wadi ya Shika Adabu, eneo bunge la Likoni, faida ya kiigizo hiki haihitaji kuelezwa sana. Muziki wa hoteli, ulioikuza bendi ya Them Mushrooms iliyotoa wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982, ungali riziki ya wapigaji wengi wa Pwani, na kabati la spika 4 huzidi kilo 30, mzigo wa kutaabisha kwa anayevuka feri au anayepanda matatu kwenda Diani. Isitoshe, kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, hivyo mazoezi hufanywa kwa vipokea sauti vya masikioni.

Hapo ndipo kosa huanzia. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupokea besi na mlio mwembamba kwa udhaifu zaidi kuliko sauti za kati. Mpigaji anayetengeneza sauti yake chumbani kwa kiwango cha chini huongeza besi na ukali mpaka aridhike, lakini mpangilio uleule ukifika kwenye spika kubwa za ukumbini, besi huvuma na kuimeza sauti ya mwimbaji, na nyuzi nyembamba huchoma masikio.

Kiwango cha ishara nacho kipimwe katika kila kituo kwa zamu: inapoingia, inapotoka kwenye amplifaya ya kuigiza, inapotoka kwenye kiigizo cha kabati, na inapofika kwenye mikisa. Katika mitambo ya kidijitali desibeli sifuri ndiyo dari, na kinachoipita hukatwa na kukoroma, hivyo ni busara mapigo makali yaishie karibu desibeli 12 chini yake. Faili za kabati nazo hutofautiana kwa nguvu, na kwa kuwa sikio huipenda iliyo juu zaidi, hazilinganishwi kwa haki mpaka zisawazishwe kwanza.

Anayetumia amplifaya halisi ya valvu asiipige kamwe bila ya spika au kifaa cha kubebea mzigo wa umeme, kwani transfoma yake huweza kuungua. Vilevile, kiigizo kizimwe ishara inapopelekwa kwenye kabati halisi, la sivyo sauti huchujwa mara mbili na kufifia.

Wapiga gitaa na mafundi mitambo wa Likoni wanahimizwa wafike ukumbini mapema, wapige kwa kiwango kilekile kitakachosikiwa na watu, na ndipo wapange besi na ukali, kwa maana sauti iliyopangwa kwa mnong'ono haiwezi kuaminiwa jukwaani.