Maji ya Yeriko na vumbi la Kolwezi

Masomo: 2 Wafalme 2:19-22, Kumbukumbu la Torati 8:7-18



Watu wa Yeriko walimwendea Elisha na shida moja. Mji wao ulikuwa mahali pazuri, lakini maji yalikuwa mabaya na mimba zilikuwa zinaharibika. Angalieni nabii alifanya nini. Hakuwapanga wamama mustari ili atafute ni nani mchawi. Hakuuliza ni jamaa gani iko na laana ya mababu. Aliomba chombo kipya na chumvi, kisha akatoka, akaenda mpaka pale maji yanapoanzia. Leo tumfuate mpaka kule, maana sisi wa Katanga pia tuko na Yeriko yetu.

Mungu alipowaonyesha Waisraeli uzuri wa nchi ya ahadi, hakutaja ngano na asali peke yake. Alitaja pia chuma na shaba. Kwa hiyo mali ya chini ya udongo si ya Shetani, hata kama wahubiri wengine wanapenda kusema hivyo. Ni zawadi. Zamani za kale sana, maji ya moto yenye chumvi nyingi yalipita ndani ya miamba yetu yakiwa yamebeba metali, yakaziacha pamoja. Ndiyo maana kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, penye shaba mara nyingi kuko kobalti, na pengine uraniamu. Uraniamu ya Shinkolobwe ilitumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945.

Lakini metali haiozi. Hilo ndilo jambo tunalolisahau. Ganda la ndizi ukilitupa, kisha miezi michache limekuwa udongo. Vumbi la metali likianguka kwenye shamba la mboga linabaki pale, na wajukuu watalikuta. Bomba kubwa la moshi la Lubumbashi tunalijua wote, tunapiga picha mbele yake siku za ndoa. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Upande wa Penga Penga, kule upepo ulikokuwa unapeleka moshi, udongo umejaa metali mpaka mahali pengine hata majani yanaota kwa shida.

Siku hizi mawe mengi hayayeyushwi kwa moto. Yanasagwa, kisha yanalowekwa ndani ya asidi kali, na shaba inakamatwa kwa nguvu ya umeme. Takataka zinawekwa katika mabwawa. Bwawa likipasuka ao likivuja, asidi na metali zinateremka mtoni, kwenye samaki na kwenye mabidoni ya wamama.

Hapa Congo tunatoa zaidi ya kilo 6 kwa kila kilo 10 za kobalti inayochimbwa duniani. Inaingia ndani ya betri za simu na za magari yasiyotoa moshi. Hewa ya miji ya Ulaya inasafishwa, na ni vizuri, wale pia ni watoto wa Mungu. Lakini mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, kule Kolwezi, watu walivumbua mawe ya kobalti chini ya nyumba zao. Walichimba ndani ya viwanja, hata ndani ya vyumba. Wachunguzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mikojo ya watoto wa pale. Mwaka 2018 walitangaza kwamba ilikuwa na kobalti karibu mara 10 kupita ya watoto wa mahali pengine. Wale watoto hawakuwa wamechimba. Walicheza tu chini, kwenye vumbi.

Na sasa neno lenye kunisumbua zaidi. Mwaka 2020 wachunguzi walitangaza kazi waliyoifanya katika maternite za Lubumbashi, wakilinganisha watoto waliozaliwa na kilema na wale wenye afya. Walikuta kwamba hatari ya kilema iliongezeka sana, zaidi ya mara 5, kama baba anafanya kazi yenye kuhusu migodi. Baba, wapendwa! Hiyo haisemi kwamba kila kilema kinatoka kwenye mgodi, wala kwamba kila mchimbaji atazaa mtoto mwenye kilema. Lakini ni wamama wangapi wamefungishwa siku 21 ili watubu dhambi ambayo hawakuifanya? Ni bibi wangapi wamefukuzwa katika nyumba kama wachawi? Tuwaombe msamaha. Na tuwapeleke watoto kwa daktari tukiwa tunaomba.

Kuko na jambo la umeme pia. Waya mkubwa wa kutoka Inga mpaka Kolwezi, urefu wa kilometa 1,700 hivi, ulimalizika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi. Unapita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata taa moja, kwa sababu umeme wa namna ile hauwezi kuchotwa njiani bila mashine kubwa na za bei kali. Na mjini, umeme ukikatika, tunawasha mbabula. Kwa hiyo miombo inakatwa kila siku kwa ajili ya makala, na vinkubala na uyoga vinakwenda pamoja na miti. Mimi pia ninapika kwa makala. Simlaumu mama yeyote.

Nyumbani tunaweza kuanza na haya. Nguo za kariere zibaki inje, zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Baba aoge kabla ya kubeba mtoto. Mawe yasilazwe ndani ya nyumba, wala yasioshwe kwenye mto ambamo wengine wanachota maji. Mwagia maji kidogo kabla ya kufagia. Osha sombe na lengalenga vizuri, kwa maji safi.

Tena, kule Yeriko, watu wa mji ndio walioanza kusema. Elisha alikuwa bado hajawauliza. Sheria ya Migodi ya mwaka 2018 inatoa 15% ya ushuru wa madini kwa komini, sekta ao shefri yenye mgodi. Kila kampuni inapaswa pia kuweka 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Franga hizo si zawadi ya mwanasiasa, hata kama picha yake imebandikwa kwenye kisima. Basi mapasta wa kartie moja waandike barua moja kwa burugumesta, kwa heshima, wamuulize: mwaka huu zimefika ngapi, na maji safi yako wapi?