Gari la AWD: unalipia nini hasa?

Oktoba ikifika tu, hapa Tumba maongezi ni yale yale: nani ananunua gari, na je, achukue lenye AWD? Mwaka juzi sisi pia tulikaribia kuingia mkenge. Muuzaji alitaka kroni 22,000 zaidi kwa ajili ya herufi hizo tatu. Pesa hizo tulikuwa tumeziweka kwa mabati ya nyumba ya mama. Tukaomba siku mbili za kufikiri.

Kumbe mengi ya magari haya si kama Land Cruiser la kule nyumbani, lenye mkono wa kuingizia gia ya magurudumu manne. Siku nyingi yanavutwa na magurudumu ya mbele tu. Propela inazunguka mpaka nyuma, lakini kabla ya difu kuna klachi ya sahani nyingi zilizolowa oili. Sensa zile zile za breki za ABS zinapima mwendo wa kila gurudumu. La mbele likiteleza, kompyuta inaamuru oili isukumwe kwa nguvu, sahani zinabanana, na magurudumu ya nyuma yanaanza kusukuma. Hujamaliza hata kusema "jamani"! Mtambo maarufu wa aina hii, Haldex, ni wa hapa hapa Sweden, mji wa Landskrona. Uliingia kwenye magari ya Volkswagen na Audi mwaka 1998, baadaye Volvo nao wakauchukua.

Sasa hesabu. AWD inakusaidia kuondoka kwenye theluji na kupanda kilima. Kusimama haikusaidii: kwenye barafu kinachokusimamisha ni tairi. Na tairi za baridi ni lazima kisheria, 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji au barafu, uwe na AWD usiwe nayo. Juu yake kuna mafuta zaidi, na oili ya ile klachi, ambayo wengi wanaisahau mpaka pampu ife. Tena tairi moja ikipasuka, usiweke mpya moja kando ya vipara vitatu. Tofauti ya ukubwa inaichosha klachi bure.

Anayekwenda kazini alfajiri kwenye njia za mashambani ambazo hazijafagiliwa, achukue AWD, kwake ni kitendea kazi. Sisi tunapanda treni, gari ni la Jumamosi. Na usijidanganye kwamba utakuja kulipeleka Mombasa, Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto.

Tulichukua la kawaida, na tairi nzuri za misumari. Mabati yalipigwa Desemba.