Ukienda kuvua na nahodha kwa mara ya kwanza: mambo ya kutarajia

"Hivi ukilipia boti ya kuvua, samaki unapata kweli?"

Nimeulizwa swali hili mara nyingi tangu nianze utafiti wangu wa uzamili pwani, na jibu langu ni lile lile: inategemea umefika ufukweni saa ngapi. Watu hucheka wakidhani natania. Sitanii. Saa moja ya kuchelewa iliwahi kutugharimu mimi na wenzangu saa tatu na nusu za jua kali juu ya fungu la mchanga, na nahodha wetu akapoteza kibarua chake cha pili cha siku ile. Nitakusimulia. Ila kwanza tuelewane kuhusu safari yenyewe.

Siongelei ile ya boti kubwa inayokwenda mkondo wa Pemba kuwinda nduaro. Naongelea safari ya saa tatu au nne ndani ya mwamba, nchi kavu unaiona muda wote: boti ya faiba yenye mashine moja au ngalawa, nahodha, msaidizi wake, na nyinyi abiria watatu au wanne. Mfano wangu ni Ghuba ya Menai, kusini magharibi mwa Unguja, eneo la hifadhi tangu 1997, ambako boti nyingi huondokea Fumba. Ukiwa Tanga, Kilwa, Mafia au Lamu, mengi ya haya utayakuta vilevile.

Saa ya kuondoka haipangwi na wewe

Nahodha atakuambia, "Kesho saa 11 alfajiri. Mkiahirisha hadi keshokutwa, njooni saa 12 kasorobo." Usidhani anabahatisha. Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kwingine hupita wastani wa saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Sababu ni mwezi: dunia ikimaliza kujizungusha mara moja, mwezi nao umeshasogea kidogo kwenye njia yake, kwa hiyo dunia inahitaji kama dakika 50 zaidi kuukuta tena pale pale juu yetu.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja. Siku hizo, au siku moja mbili baadaye, ndipo tunapopata bamvua. Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, na bamvua kubwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua hupunguza ule wa mwezi badala ya kuuongeza; hapo tunapata maji mafu, na tofauti inaweza kushuka hadi mita 1 hivi. Jambo jingine la kukumbuka: siku za bamvua, pwani yetu hii maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha tena usiku. Waulize kinamama wanaolima mwani, watakwambia bila kuangalia kitabu.

Sasa, kitu ambacho mimi shuleni sikufundishwa: maji hayashuki kwa kasi moja. Mabaharia wana kanuni rahisi. Chukua tofauti yote ya maji, igawe sehemu 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama bamvua ya leo ni mita 3.6, saa ya kwanza unapoteza sentimita 30 tu na huoni kitu. Saa ya tatu na ya nne unapoteza sentimita 90 kila moja. Nusu ya maji yote huondoka katika saa mbili za katikati! Ni kanuni ya kukadiria tu, haichukui nafasi ya jedwali la maji, lakini inaeleza kwa nini mtu huangalia bahari saa 12 asubuhi akasema "bado yapo mengi", na saa 2 haamini macho yake.

Samaki wao hawahitaji kanuni. Maji yakijaa, changu na tasi hupanda kwenye majani ya bahari na pembeni mwa mikoko kutafuta chakula. Yakianza kupwa, hurudi kwenye mifereji yenye kina, na vidagaa husukumwa na mkondo hadi midomoni mwa mifereji hiyo, ambako kolekole huwa wanangoja. Kwa hiyo mkondo ukitembea, mishipi hutikisika. Maji yakisimama, mara nyingi mnakaa mnaangaliana. Ukiona nahodha anang'oa nanga na kuhama mara tatu ndani ya saa moja, hajapotea. Anafuata maji.

Mkishapanda boti

Kabla mashine haijawashwa, omba jaketi la kuokolea na ulivae. Liwe na kamba zinazofunga, likukae mwilini. Kama jibu ni "tunakwenda karibu tu", shuka. Watu huzama karibu pia.

Beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji. Vaa mikono mirefu na kofia yenye kamba, maana jua linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye maji pia. Kama huwa unachafukwa na moyo garini, kunywa dawa yako kabla ya kuondoka, siyo baada ya kuanza kutapika. Kichefuchefu cha bahari huja pale sikio la ndani linaposema "tunayumba" huku macho yaliyokodolea simu yakisema "tumetulia". Weka simu mfukoni, kaa katikati au nyuma ya boti, tazama mbali pale mbingu na bahari zinapokutana.

Na uliza kuhusu upepo. Miezi ya Kusi, hasa Juni hadi Agosti, hata ndani ya mwamba bahari huweza kuchafuka. Nahodha mzuri atakuambia "leo hatwendi" na kukubali kupoteza hela yako. Mshukuru.

Mshipi ukiwa mkononi

Wengine watakupa fimbo ya kuvulia yenye rili. Wengi watakupa mshipi tu uliozungushiwa kibao au chupa, ndoana mbili na kipande cha risasi cha kuzamishia. Chambo ni ngisi, kamba au vipande vya kibua. Unashusha hadi risasi iguse chini, unapandisha kidogo, unausikiliza kwa kidole.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kujizungushia mshipi kiganjani ili ushike vizuri. Usifanye hivyo kamwe! Samaki mkubwa akivuta, uzi mwembamba unakata nyama. Uache upite juu ya kidole, na kama nahodha ana kitambaa au glavu, vaa. Kosa la pili ni kuvuta kwa nguvu kila mara unapohisi kitu. Changu hudonoa kwanza. Ngoja uzito wenyewe uje.

Unaweza kurudi na changu sita, unaweza kurudi na mmoja wa kiganja. Hiyo ndiyo maana ya kuvua. Anayekuhakikishia ndoo iliyojaa anakuuzia kitu ambacho hana.

Samaki akishapanda

Usimshike samaki usiyemjua. Tasi, ambaye wengine humwita chafi, ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Maumivu yake huyasahau. Taa ana mwiba mkiani. Ukichomwa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, ukiyapima kwanza kwa mkono mzima ili usijiunguze, kisha nenda hospitali. Sumu hizi zina protini, na joto huziharibu. Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, ni kesi nyingine kabisa: sumu yake imo ndani ya mwili na haiondoki kwa kupika. Mrudishe majini.

Ukitoa samaki kwenye kina cha mita 20, unaweza kumkuta macho yamemtoka na tumbo limesukumwa hadi mdomoni. Hajaumwa na kitu. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mita 20 chini mgandamizo ni mara tatu ya huku juu. Samaki wengi wa mwambani wana mfuko wa hewa uliofungwa, na akivutwa haraka hewa ile hutanuka karibu mara tatu. Ukimtupa majini hivyo, ataelea tu hadi ndege wamchukue. Ndiyo maana, kama hamtaki kuchukua kila kitu, ni bora kuvua kwenye kina kidogo kuliko kuvua kilindini na kujifariji kwamba mtawarudisha.

Yupi wa kurudisha? Mdogo, bila shaka, maana hajazaa. Lakini mfikirie na yule mkubwa sana. Samaki mwenye urefu mara mbili ya mwenzake ana mwili wenye ujazo wa kama mara nane, kwa hiyo jike kubwa hubeba mayai mengi mno kuliko jike dogo. Halafu kuna chewa: aina nyingi huanza maisha zikiwa majike, na baadaye baadhi hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa unaweza kuwa unawamaliza madume wa eneo zima. Ukimrudisha, lowesha mikono kwanza ili usimfute ule ute unaomkinga na maradhi, na usimkalishe juani ukitafuta pozi la picha.

Mnaobaki nao wawekwe kwenye barafu mara moja, hasa vibua, nguru na jodari. Samaki hao wakikaa juani, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na ikishakuwepo, kuchemsha wala kukaanga hakuiondoi. Uso kuwaka, kichwa kugonga, vipele: mara nyingi watu husema "nina mzio wa samaki", kumbe ni samaki aliyekosa barafu.

Nahodha akisema "turudi"

Sasa kisa chetu. Ilikuwa siku ya bamvua. Maji yalijaa saa 10 na nusu alfajiri, yangekupwa kabisa saa 5 kasorobo asubuhi. Mzee, nahodha wetu, alisema tukutane saa 11 na saa 2 tuwe tunarudi. Sisi tulifika saa 12, tumebeba chai na vicheko. Alijibu shikamoo zetu na kusema tu, "Wanangu, mmeila saa yenu wenyewe."

Samaki walianza kula saa 1 na nusu. Saa 2 akasema turudi. Tukamsihi: nusu saa tu, Mzee, ndio kwanza wameanza! Tulikuwa watu wanne tuliosoma, tumelipa, na mmoja wetu, ambaye ni mimi, alikuwa na jedwali la maji kwenye simu. Akatutazama, akanyamaza. Tuliondoka saa 3 kasoro dakika 20. Saa 3 kamili boti ikagusa fungu. Msaidizi akaruka kusukuma, nasi tukaruka. Maji yalikuwa magotini, halafu chini ya magoti, halafu vifundoni.

Mzee akakaa kwenye ubavu wa boti akasema, "Adhana ya adhuhuri mkiisikia, tutaelea."

Tulikuwa na chupa mbili za maji kwa watu sita. Ilipofika saa 5 mwenzetu mmoja alikuwa anatapika, kichwa kinamgonga, na tukamfunika na tanga. Hakukuwa na kivuli kingine. Saa 6 na nusu hivi adhana ikasikika kwa mbali, na boti ikatikisika chini yetu.

Hesabu yake ni nyepesi: tulikwama saa 1 na dakika 45 kabla ya maji kupwa kabisa, kwa hiyo kiwango kile kile kingerudi saa 1 na dakika 45 baadaye. Ningeweza kuipiga mwenyewe, jedwali nilikuwa nalo. Ila mimi nilikuwa naangalia mshipi.

Huko pwani kulikuwa na watu waliokuwa wakimsubiri Mzee saa 2 na nusu awapeleke kisiwani Kwale kabla maji hayajakata. Walishachukua boti nyingine. Tulimwongezea hela, akazipokea bila neno.

Kabla hujalipa, uliza haya

Leo maji yanajaa na kupwa saa ngapi, na sisi tunarudi saa ngapi? Majaketi yapo mangapi? Barafu ipo? Kibali cha kuvua eneo hilo kipo, na kuna sehemu zisizoruhusiwa? Samaki tutakaopata ni wa nani? (Mara nyingine ni wa boti. Bora ujue mapema.) Na simu ya kuomba msaada inashika mtandao huko tuendako?

Kisha fika robo saa kabla. Na akisema turudi, kunja mshipi wako.