Tusiilaumu Seva, Tuichunguze Diski

Kila mwisho wa muhula, walimu wenzangu walikuwa wakikodolea macho tarakilishi wakingoja alama za wanafunzi zifunguke, na lawama zote ziliishukia seva. Bodi ya shule ikataka kununua seva mpya. Nilipinga, nikaomba tupime kwanza. Kumbe kichakataji kilikuwa karibu bila kazi. Diski ndiyo iliyolemewa!

Waama, diski yetu huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Kabla ya kusoma rekodi, kichwa chake sharti kisogee, kisha kingoje, kwa wastani, nusu ya mzunguko: takriban milisekunde 4. Maombi yakiwa maelfu, foleni haiepukiki. SSD haina kinachozunguka. Hujibu kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde.

Basi tulihamishia huko maktaba ya alama pekee. Picha na majalada ya kale yakabaki kwenye diski. Foleni ikatoweka, na fedha zilizosalia zikanunua vitabu.

Hata hivyo, tahadhari kabla ya hatari: tulinakili data yote, tukaijaribu nakala, ndipo tukahama. Alama za mtoto zikipotea, kasi itamfaa nani?