Mikono Iko Huru, Lakini Masikio Ni Mengi

Siku moja tulikuwa watu watano ndani ya motokari, tukitoka Likasi kwenda Kolwezi. Kando yangu alikaa kijana mmoja, na nyuma wazee wawili wa kanisa pamoja na mama mmoja. Telefone yangu ilikuwa imeunganika na redio ya motokari kwa njia ya Bluetooth. Mbele ya kufika Fungurume ikaita. Nikabonyeza butoni ya kwenye usukani, na sauti ya dada mmoja ikajaa motokari yote: «Pasta, unisaidie. Jana usiku bwana yangu…»

Nilitafuta butoni ya kukata, nikabonyeza ile ya kuongeza sauti! Nilipopata ya kweli, maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Wazee wakatazama inje kwa dirisha, sawa watu wanaohesabu miti. Hakuna aliyesema kitu mpaka Kolwezi.

Chombo hakikukosa, ni mimi nilikosa. Nilikuwa ninajua kukiunganisha, lakini sikujua kukitumia. Basi tujifunze yote mawili.

BLUETOOTH NI NINI?

Ni redio ndogo sana iliyo ndani ya telefone, na nyingine ndani ya motokari. Zinasemezana bila kamba, kwa umbali wa metre 10 hivi. Yenyewe haikuli unités wala mega. Kupiga telefone ndiko kunakula, sawa siku zote. Jina linatoka kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu. Yeye aliunganisha watu wa inchi yake. Mwaka 1998 makampuni matano, Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, yalipatana kuendesha kazi hii pamoja chini ya jina hilo.

NAMNA YA KUUNGANISHA

1. Simamisha motokari, vuta freni ya mkono, na washa redio. Motokari nyingi zinakataa kazi hii wakati zinatembea, na zina haki.

2. Kwenye telefone fungua «Paramètres», kisha Bluetooth. Iwashe, na ubaki kwenye ukurasa ule.

3. Kwenye redio tafuta butoni yenye picha ya telefone, ao MENU, kisha omba kuongeza telefone mpya. Motokari zetu nyingi zilitumika kwanza Japani, kisha zikapita Dar es Salaam na Kasumbalesa. Kama kioo kinaandika Kijapani, usiogope. Tafuta picha ya telefone ao alama ya Bluetooth: ni herufi B yenye mikia miwili upande wa kushoto.

4. Jina la motokari litaonekana kwenye telefone. Ligusе.

5. Nimero moja ya shifre 6 itatokea pande zote mbili. Zilinganishe. Kama ni sawa, kubali: «Associer» ao «Jumeler». Redio za zamani zinaomba kodi. Mara nyingi ni 0000 ao 1234.

6. Telefone itauliza kama motokari inaweza kuchukua majina na nimero zako. Si lazima kukubali. Ukikataa, bado utaweza kupokea watu.

7. Piga telefone moja ya kujaribu, motokari ikiwa ingali imesimama.

Ikikataa, futa pande zote mbili na uanze upya. Kwenye telefone ni «Oublier» ao «Dissocier». Mara nyingine redio imejaa telefone za wenye motokari wa kwanza. Uzifute. Na kama watu wanasikika lakini muziki hautoki, inawezekana redio yako ilitengenezwa kwa kupokea watu tu.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

La kwanza, akili. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema mwenye kutumia telefone akiendesha anakaribia hatari ya ajali mara 4 kuliko mwingine, na kwamba kuacha mikono huru hakupunguzi hatari sana. Kwa mwendo wa kilometre 60 kwa saa, motokari inakwenda metre 50 kwa sekunde 3. Katika barabara yetu, yenye makamyo ya shaba na kobalti, metre 50 zinatosha kuacha watoto yatima. Maneno yakiwa marefu, simama kando.

La pili, siri za nyumbani. Mama anaongea na dada yake ndani ya nyumba, baba anawasha motokari katika kiwanja, na mara moja mazungumzo yanarukia motokari! Wakati huo gusa alama ya sauti kwenye telefone, chagua «Téléphone», nayo yatarudi sikioni.

La tatu, kuuza. Mbele ya kutoa ufunguo kwa mnunuzi, futa telefone yako katika redio. Majina ya watu wako si sehemu ya bei.

Siku ile, tulipofika Kolwezi, nilikwenda mbali na wenzangu nikamwita yule dada. Nilimwambia kweli kwamba watu ine walisikia mwanzo wa maneno yake. Akanyamaza. Kisha akauliza: «Ni banani?» Nikawataja mmoja mmoja. Akanyamaza tena, na ile kimya ilikuwa nzito kuliko matusi. Wazee walichunga mdomo, na yeye alinisamehe, lakini ilipita miezi mbele ya kunieleza tena shida yake.

Tangu hapo, telefone ikiita na kuna watu ndani ya motokari, neno langu la kwanza ni hili: «Haiko mimi peke yangu, watu wanasikia.» Vijana, ninyi munaofundisha wazazi wenu vyombo hivi, muwafundishe na neno hilo pia.